Sentensi za Mwalimu wa Chang'ombe

Mwalimu hakupokea sentensi isiyo na mtu ndani yake. Uliandika "John is a boy", kwa kuwa ndivyo vitabu vya shule vilivyotuzoesha, naye alikutazama juu ya miwani yake na kukuuliza kwa Kiswahili, bila kucheka:

"Huyo John anakaa mtaa gani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Baba yake anafanya kazi gani?"

"Sijui."

"Sasa unamsemaje mtu usiyemjua? Kaa chini. Niletee mtu."

Basi tulimletea watu. Tulimletea majirani zetu, mabosi wetu, mashemeji, wauza maji, na shangazi zetu waliokuwa hawalali bila kugombana na mtu. Baada ya miezi michache nadhani alikuwa anaijua nusu ya Dodoma kupitia Kiingereza chetu kibovu, na wakati mwingine aliulizia hali zao kabla ya kufungua somo. "Yule mjomba wa Mpwapwa, ng'ombe wake wamepona?" Nikijibu kwa Kiswahili alikaa kimya mpaka nirudie kwa Kiingereza.

Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilikuwa daima limepigwa pasi hata kama kola yake ilikuwa imegeuzwa upande wa pili kuficha kuchakaa. Alivaa kofia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono, na alikuja darasani akitoka kuswali alasiri, miguu bado ina unyevu wa udhu. Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, Chang'ombe ya Dodoma, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya karanga. Siku za joto harufu ya karanga ilirudi yenyewe kwenye kuta. Ukikaa karibu na kona ulinusa vumbi lake. Chumba kilikuwa na mlango mmoja na hakikuwa na dirisha, ila matundu ya matofali juu kabisa. Mlangoni pale, nusu ndani nusu uani, alikaa mke wake kwenye kigoda, ungo mapajani, akichambua karanga za kuuza. Tulimwita Mama Mwalimu. Alikuwa mnene, mtulivu, na alijua nani hajala mchana kwa kumtazama tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu nilipokuwa shule yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini sokoni kama mavuno, na wageni walikuja na miradi yao ya maji, ya mifugo, ya akina mama, kila mradi na gari lake jeupe. Wote walitaka mtu anayejua Kiingereza. Sisi tuliokuwa na vyeti tulikuwa tumefaulu Kiingereza cha mtihani, ambacho hakikuwa na kinywa. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Nilipiga barua za Kiingereza kutwa nzima bila kosa hata moja, na bila kujua zinasema nini, kama mtu anayesuka mkeka gizani. Shangazi niliyekaa kwake ndiye aliyenipeleka kwa Mwalimu. Alimwamkia shikamoo, akaniacha pale, akaondoka kama aliyempeleka mbuzi kwenye josho.

Wenzangu ninaowakumbuka zaidi ni wawili. Mmoja alikuwa Ndahani, kijana wa Kigogo mcheshi aliyekuwa mhudumu katika hoteli moja mjini, ile waliyofikia wageni na waheshimiwa wakati wa vikao vya Bunge. Wa pili alikuwa Zaituni, aliyemsaidia kaka yake katika duka la vyombo, msichana mwenye msimamo ambaye hata Mwalimu alimwendea kwa tahadhari.

Ndahani ndiye aliyelileta lile neno.

Alifika siku hiyo amechelewa, jambo ambalo kwa Mwalimu lilikuwa kubwa. Mwalimu alimsamehe mwizi, alimsamehe mwongo, lakini mtu aliyechelewa alimwacha asimame ukutani mpaka somo liishe. Ndahani hakusubiri kufokewa. Alisema, "Mwalimu, leo nusura nifukuzwe kazi kwa sababu ya henga."

Asubuhi ile mgeni mmoja, Mzungu wa mradi wa visima, alikuwa amemwita chumbani. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kichwa kwa mikono miwili, na koti lake limeanguka sakafuni. Akasema neno moja ambalo Ndahani alilisikia vizuri kabisa: kuna "hang", na kuna "over". Ndahani akatazama koti. Akaenda stoo, akarudi na henga mbili, akalitundika koti juu ya mlango kwa adabu zote, akasimama kusubiri shukrani. Mzungu akamtazama, akalirudia neno lile kwa sauti ya kilio. Ndahani akaleta henga nyingine.

Tulicheka mpaka Mama Mwalimu akaacha kuchambua. Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki, akageukia ubao, akaandika herufi kubwa: HUNGOVER. Akaendelea akiwa ametugeuzia mgongo.

"Hiki ni kivumishi," alisema. "Hakihusu koti. Drunk ni mtu wa jana usiku. Huyu ni mtu yuleyule, asubuhi. Kichwa kinamgonga, mdomo umekuwa majivu, mwanga unamuumiza, na watu wote wanaongea kwa sauti kubwa mno. Kiswahili tunazunguka: ana uchovu wa pombe, anahitaji kuzimua. Kiingereza kimemwekea neno lake moja. Kila mmoja aniletee sentensi."

Zaituni aliinua mkono. "Mwalimu, wengine hatunywi. Na wewe umetoka kuswali sasa hivi."

"Neno halileweshi, binti. Hata jina la nyoka tunalitaja."

"Lakini sina mtu wa kumweka."

"Humjui hata mmoja?"

"Ninaowajua siwezi kuwataja."

Alimwacha, akatuzungukia sisi. Ndahani alisema mgeni wake ana hungover, Mwalimu akamrekebisha: mtu hana hungover, mtu ni hungover, kama vile mtu alivyo mgonjwa au mrefu. Cha kuwa nacho ni nomino, hangover, na akaiandika pembeni ili tusichanganye. Ndahani akajaribu tena: mgeni ni hungover, nitampelekea supu ya utumbo. Mwalimu akasema hiyo si sentensi tu, hiyo ni huduma. Mimi nilisema kwamba kila Jumatatu mjomba wangu wa Mpwapwa anakuwa hungover na ng'ombe wanashinda na njaa. Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. Meno yake ya chini yalikuwa yamepishana, na alipocheka alionekana mdogo kuliko sisi.

Mwishoni Zaituni akasimama mwenyewe, akasema polepole, akipima kila neno: "I have never been hungover." Sijawahi kuamka na pombe kichwani.

Mwalimu aliiandika ubaoni, akaipigia mstari. "Hii itunze," akamwambia. "Kuna watu wangetoa ng'ombe waweze kuisema."

Kisha akaandika ya kwake, kwa sababu hakuwahi kutudai kitu bila yeye kutoa. "He was hungover, so his wife went to the hospital alone." Alikuwa na uchovu wa pombe, hivyo mke wake akaenda hospitali peke yake. Ndahani akauliza huyo "he" ni nani, kwa kuwa Mwalimu mwenyewe alitufundisha tusimseme mtu tusiyemjua. Mwalimu akasema, "Mimi namjua," akafuta ubao.

Nilisoma kwake kwa misimu kadhaa, na kila wanafunzi wapya walipoingia, lile neno lilirudi na sentensi ile ilirudi nalo. Ilimfaa kwa kila somo. Akifundisha "because", mke alikwenda peke yake kwa sababu mume alikuwa hungover. Akifundisha "although", mume alikuwa hungover ingawa alijua mambo nyumbani si mazuri. Tulizoea. Tulimchukulia yule mume kama wale wakulima wa vitabu vya hesabu ambao kila siku wana machungwa ya kugawa.

Alikuwa na misemo mingi, na mingine haikuwa na maana kubwa ila ilikuwa yake. "Spelingi ni adabu ya mkono." "Ukikosea kwa sauti kubwa utarekebishwa. Ukikosea kimyakimya utazeeka nalo." Alipochoka nasi alisema tuna vichwa kama mabuyu ya Zuzu, na hakuna aliyewahi kujua mabuyu ya Zuzu yana tofauti gani na mengine.

Alikuwa mkali kwa matamshi kupita kiasi. Nilipochanganya "r" na "l" alinirudisha neno mara nyingi hadi machozi yakanilenga, na aliniiga mbele ya wenzangu. Mama Mwalimu alimwambia kutoka mlangoni, "Wewe nawe, mwache mtoto wa watu." Aliacha siku hiyo tu, wiki iliyofuata akarudia. Nasema haya kwa sababu waliomjua baadaye wanamwongelea kama walii, na walii hakuwa.

Lakini kwa walevi alikuwa mtu mwingine kabisa. Jumamosi tulisoma asubuhi, na Jumamosi moja tulimkuta mtu amelala barazani kwake, fundi viatu mmoja wa mtaani, ametoka kwenye kilabu cha pombe ya wanzuki na miguu ikamfikisha hapo. Nzi walikuwa wamemjaa. Zaituni alikusanya baibui lake akamruka. Ndahani akaanza kumwimbia kwa kejeli. Mwalimu akatoka ndani, akamwinamia, akamzibia jua kwa mwili wake.

"Punguzeni sauti," alisema. "Kichwa chake leo ni yai."

Alimletea maji yenye chumvi na sukari, akamshikia kikombe, kisha akamletea uji. Hakumpa nasaha hata moja. Yule fundi alipoweza kukaa akaanza kuomba radhi, anaapa kwa Mungu hatarudia. Mwalimu akamkatiza: "Usiape leo. Leo unaapa kwa sababu ya kichwa. Kichwa kikipona, kama bado unataka kuapa, njoo nikusikilize." Somo letu lilichelewa kuanza, yeye asiyechelewa, na hakuna aliyethubutu kulisemea hilo.

Yeye mwenyewe hakugusa pombe. Alizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya kile kilabu. Msimu wa zabibu, mji ulipojaa matenga ya zabibu na watoto wakawa wanatembea wakitema mbegu, alikula zabibu moja moja, akazitazama kama mtu anayezihesabia makosa. Mwanafunzi mmoja mgeni alimletea chupa ya siki iliyotengenezwa kwa zabibu, zawadi ya kupikia, akaipokea kwa adabu akaipeleka kwa jirani. Mtaani walisema zamani alikuwa mwalimu wa shule kubwa ya bweni, akaacha kazi au akaachishwa. Mimi nilikuwa mgeni, sikuuliza.

Jambo moja lilinisumbua. Mama Mwalimu alikuwa akimletea chai katikati ya somo, kikombe cha bati chenye mfuniko, akakiweka juu ya meza. Mwalimu alisema "Thank you" akiwa ametazama ubao. Kwa Kiingereza, kila mara. Mama Mwalimu alijibu "Haya" na kurudi kwenye ungo wake. Akimkanyagia kanga akipita mlangoni, "Sorry." Akichelewa kurudi na Mama amesubiri na chakula, "I am sorry." Mwanzoni nilidhani ni utani wao wa ndani. Baadaye nikagundua kwamba sijawahi kumsikia akimwambia mke wake pole, wala asante, wala samahani, kwa lugha waliyolelewa nayo. Mama Mwalimu alikuwa ameishia madrasa na darasa la nne. Sote tuliamini hajui Kiingereza. Naye Mwalimu aliamini hivyo kuliko sisi.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa alasiri ya kawaida ya kiangazi, upepo wa Dodoma unarusha vumbi mpaka ndani, na Mama Mwalimu amejifunika kanga puani akiendelea na karanga zake. Somo lilikuwa lile la "if" ya tatu, ile ya mambo yaliyokwisha kupita. Mwalimu alilipenda na kulichukia somo hili. Alikuwa na maelezo yake: "Hapa Kiingereza kinakujengea mlango wa kurudi jana. Lakini ni mlango wa kuchungulia. Hupiti."

Akaandika mfano, na tulijua kabla hajamaliza mfano utakuwa wa nani. "If he had not been hungover, he would have gone with her." Kama asingekuwa na uchovu wa pombe, angekwenda naye.

"Sasa," akasema, "nani ataendeleza? If he had gone with her... Kama angekwenda naye, ingekuwaje? Nipeni nusu ya pili."

Tukajaribu. Ndahani akasema angembebea mizigo. Mtu mwingine akasema angelipa daktari. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kila jibu, ingawa sarufi ilikuwa sawa, na chaki ilikuwa ikigonga ubao taratibu mkononi mwake.

Kutoka mlangoni ikaja sauti, kwa Kiingereza chenye lafudhi yake Mwalimu mwenyewe:

"If he had gone with her, the child would have died also."

Hata kama angekwenda naye, mtoto angekufa vilevile.

Nakumbuka tuligeuka sote kwa pamoja. Mama Mwalimu alikuwa hajainua uso. Vidole vyake vilikuwa bado ndani ya ungo, lakini vilikuwa vimesimama.

"Mtoto gani?" aliuliza Ndahani, kwa mnong'ono, na Zaituni akampiga kiwiko.

Mwalimu hakugeuka. Alibaki anatazama sentensi yake kama imeandikwa na mtu mwingine. Mama Mwalimu akaendelea kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti.

"Daktari aliniambia siku ileile. Homa ilikuwa imeshapanda kichwani tangu juzi yake. Ungekuja, tungekaa wawili kwenye lile benchi, basi. Angekufa tukiwa wawili."

"Hukuniambia," alisema Mwalimu, uso bado ukutani.

"Ulikuwa huulizi. Ulikuwa unafundisha." Akaweka ungo chini. "Mwaka hadi mwaka nakusikia. Unawaomba radhi watoto wa watu. Wale wanaondoka na Kiingereza chao, wanapata kazi. Wanakuja wengine, unawaomba radhi upya. Mimi ndiye niliyekwenda kule. Mimi nimekaa hapa mlangoni. Mtoto umembeba mpaka leo, sikukatazi, alikuwa wako. Mimi umenibeba lini?"

Tulitaka kutoka. Kila mmoja wetu alitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa mmoja na yeye alikuwa amekaa ndani yake. Tulikaa kwenye mabenchi tumetazama miguu yetu. Mwalimu aliweka chaki mezani, akaikosea, ikaanguka ikavunjika. Alikwenda mlangoni. Alivua kofia. Akaketi sakafuni, kwenye kizingiti, karibu na kigoda, mtu yule mrefu amejikunja kama mwavuli, na sasa mlango ulikuwa umezibwa na watu wawili.

Alisema kitu ambacho hatukukisikia.

"Sema kwa sauti," alisema Mama Mwalimu. "Siku zote wamekusikia. Na leo wakusikie."

"Nisamehe," alisema Mwalimu. Kisha, kwa kuwa neno lilikuwa limeshatoka na halikumuua, akaendelea. Alisema kwamba asubuhi ile alimsikia mke wake akimwita. Hakuwa amelala, kama alivyowaambia watu. Alimsikia akiita mara ya kwanza na ya pili, akasikia akimfunga mtoto mgongoni, na kichwa kilikuwa kinamuuma kiasi kwamba alichokitaka duniani ni kelele ziishe. Zikaisha. Akashukuru. "Nilishukuru," alirudia. "Mlango ulipofungwa nilimshukuru Mungu kwa kimya kile."

Zaituni alikuwa analia bila sauti, ametazama juu kwenye matundu ya matofali.

"Hilo sikulijua," Mama Mwalimu alisema.

"Hakuna anayelijua."

"Basi sasa nimelijua." Akavuta pumzi. "Litaniuma. Nitalikasirikia. Lakini utakuwa unanikasirisha mimi, hapahapa, si wao." Kisha akainuka kwa shida, akishika bega la mume wake kujiinulia, akatuambia, "Tokeni sasa, wanangu. Maghrib imekaribia."

Tulitoka mmoja mmoja tukiwapita, kila mmoja akisema shikamoo kwa sababu hatukuwa na neno lingine.

Wiki iliyofuata hatukujua kama kutakuwa na darasa. Lilikuwepo. Mwalimu alikuwa na macho mekundu na shati lililopigwa pasi. Kuanzia siku hiyo yule mume hakutokea tena ubaoni. Haikuwa kwamba nyumba ilijaa asali. Kuna siku tuliwakuta hawasemeshani, na chai ikaletwa ikabamizwa mezani. Kuna siku Mama Mwalimu hakukaa mlangoni kabisa. Lakini siku moja aliingia akakaa benchi la mbele, bila kuombwa wala kuomba, na Mwalimu alipouliza swali akanyoosha mkono kama sisi. Alikuwa anajua mengi kutuzidi. Alimrekebishia hata kosa moja la wingi, na Mwalimu akalifuta ubaoni, kisha akasema, kwa Kiswahili, "Ahsante, mke wangu." Ndahani alianza kupiga makofi, akaona aibu, akaacha.

Nilipata kazi katika mradi wa mifugo, nikarudishwa kwetu Mpwapwa, na usaili wangu ulikuwa mwepesi kwa sababu nilimwambia Mzungu aliyenisaili habari za mjomba na ng'ombe zake. Nikaolewa, nikazaa. Habari za Mwalimu zilinifikia vipandevipande. Tuisheni zilikuwa nyingi sasa, za vijana wenye kompyuta na kanda za kusikiliza, na wanafunzi wake walipungua. Fundi viatu aliacha pombe, akairudia, akaacha tena. Ndahani alikwenda Arusha kwenye hoteli za watalii.

Nilimwona mara ya mwisho sokoni Majengo. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kulia kila kona, na nilikuwa nimekuja mjini kununua sare za watoto. Katika kibanda cha kanga niliona mgongo mrefu uliopinda na kofia nyeupe. Alikuwa ameshika fimbo. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, alikuwa amemkunjulia kanga nyingi hata meza haionekani, naye anainama, anasoma maandishi ya kila moja kwa miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alinitazama. "Marahaba. Mpiga chapa. Mjomba yupo?"

"Alifariki, Mwalimu."

"Pole sana. Pole, binti yangu." Alinishika mkono akakaa nao kidogo, kisha akarudi kwenye kanga zake. "Nisaidie. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Hii inasema wema hauozi. Ni kujisifu. Hii inamtukana jirani. Zote hizi zinamtukana jirani."

Nikamuuliza za Mama. Akasema yupo, mzima wa mwili, lakini macho yamekwenda. Mtoto wa jicho alianza upande mmoja, wakachelewa, kisha presha ya macho ikamaliza pande zote mbili. Anafua kwa kupapasa, anachambua karanga kwa kupapasa. Anasema giza lake lina faida, haoni vumbi la Dodoma.

Mwenye duka alikuwa amesikia, na subira ilikuwa imemwishia. "Sasa babu," alisema, si kwa ubaya, "kama bibi haoni, si uchukue yoyote yenye rangi nzuri? Au chukua hii, kitambaa chake laini. Maandishi yatamsaidia nini?"

Mwalimu alikuwa ameshafika kwenye kanga nyingine, ya zambarau. Aliyasogeza maandishi karibu na uso, akayasoma kimya, midomo ikitembea. Akayasoma tena. Halafu akaikunja yeye mwenyewe, akiilinganisha pindo kwa pindo, akaiweka kwenye kikapu chake.

"Atakaporudi kutoka kwa dada yake leo," alisema, "ataniuliza imeandikwa nini. Itabidi nimwambie, kwa mdomo wangu."